Kuchelewa kwa Rufaa na Matibabu ya Baridi Yabisi ya Rumatoidi katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Baridi yabisi ya rumatoidi ni ugonjwa wa kudumu ambapo kinga ya mwili huushambulia utando unaofunika viungo kwa ndani. Utando huo huvimba na kutunga maji, na usipotulizwa mapema hula gegedu, kisha mfupa, hadi kiungo kipinde na kukataa kazi. Duniani hukadiriwa kuwapata watu kati ya 5 na 10 katika kila 1,000. Wanawake hupatwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza kuugua wakiwa kati ya umri wa miaka 30 na 60, yaani katika miaka ya kulea na kuchapa kazi.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet riziki ya maelfu ya familia hupitia vidoleni, na vidoleni ndiko ugonjwa huu hupenda kuanzia. Dawa za kuuzuia zipo, na ile ya msingi ni tembe inayomezwa mara moja kwa wiki. Kinachowaangusha wagonjwa ni muda unaopotea kabla ya tembe ya kwanza. Makala haya yanaeleza muda huo unapotelea wapi, na yanashikilia hoja moja: matibabu ya mwanzo yashuke hadi hospitali za kaunti na za kaunti ndogo, kwa sababu mgonjwa anayesubiri kumwona bingwa wa viungo ndipo aanzishiwe dawa hufika akiwa amekwisha kupata ulemavu.

Dalili na magonjwa yanayofanana nao

Dalili inayoutambulisha zaidi ni kukakamaa kwa viungo asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi. Uvimbe huonekana kwenye vifundo vya chini na vya katikati vya vidole, kwenye viwiko vya mikono na chini ya vidole vya miguu, kwa kawaida pande zote mbili. Vifundo vilivyo karibu na kucha huachwa. Mgonjwa huwa na uchovu usioisha kwa usingizi, homa ndogo, kupungua uzito na upungufu wa damu. Miaka ikipita bila tiba, ugonjwa huweza kufika kwenye mapafu na macho, na huongeza hatari ya maradhi ya moyo.

Magonjwa kadhaa hufanana nao. Uchakavu wa viungo huwapata zaidi wazee, hasa magotini, na maumivu yake huzidi kwa kazi na kupungua kwa mapumziko. Ya rumatoidi huwa kinyume: hukaza baada ya mapumziko na kulegea kiungo kinapotumika. Gauti hulipuka ghafla, mara nyingi usiku na kwenye dole gumba la mguu, na wanaume ndio wanaougua zaidi. Homa ya rumatiki huwapata watoto na vijana baada ya maambukizi ya koo. Huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine na huharibu vali za moyo. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari huko Bomet mwaka 1937, inajulikana kwa upasuaji wa moyo wa wagonjwa wa namna hiyo. Majina ya homa ya rumatiki na rumatoidi yanakaribiana, na wapo watu wazima wanaotibiwa homa ya rumatiki kwa miezi ilhali vidole vyao vinavimba kwa rumatoidi.

Chanzo kamili hakijulikani, ila urithi huchangia na uvutaji wa sigara huongeza hatari. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na asubuhi ni baridi kali, hivyo ni rahisi kuilaumu hali ya hewa. Baridi huweza kuzidisha maumivu lakini haiuleti ugonjwa. Kuchuma majani nako hakuuleti.

Uzito wa miezi ya mwanzo

Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi walifundishwa kuanza na aspirini na dawa nyingine za maumivu, na kuziweka akiba dawa kali hadi mifupa ionyeshe uharibifu kwenye picha ya eksirei. Mafunzo hayo yamepinduliwa. Picha za viungo zilionyesha kwamba mmomonyoko wa mfupa huanza mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na mfupa ulioliwa haurudi.

Huko Leiden, Uholanzi, kliniki ya wagonjwa wapya wa viungo ilifunguliwa mwaka 1993. Ufuatiliaji wa wagonjwa wake ulionyesha kwamba waliomwona bingwa kabla ya wiki 12 kutimia tangu dalili zianze, viungo vyao viliharibika kidogo kuliko vya waliochelewa, na wengi zaidi kati yao walipata nafuu ya kudumu hata bila dawa. Kutokana na ushahidi wa aina hiyo, shirikisho la Ulaya la wataalamu wa viungo, EULAR, linashauri mgonjwa aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze, na aanzishiwe dawa ya kuzuia ugonjwa ndani ya miezi 3. Hata nchi tajiri hukosa shabaha hiyo: utafiti wa vituo 10 vya Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 uliona kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa wamekawia wiki 24 au zaidi kabla ya kuonwa na bingwa.

Nchini Kenya, utafiti wa wagonjwa 60 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la East African Medical Journal, ulikuta kwamba walio wengi mno ni wanawake, na kwamba wengi wao ugonjwa ulikuwa bado umewaka ingawa walikuwa tayari wanahudhuria kliniki ya hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Kuchelewa kwa kwanza: nyumbani na shambani

Mama anayechuma chai huamka kabla ya alfajiri na kukuta vidole havifungi. Chuchu za ng'ombe hazibaniki, kwa hiyo humwachia mtoto akamue. Anachovya mikono katika maji ya moto, anafunga kitenge kwa shida, kisha anatoka. Kufikia saa nne vidole vimelegea, anachuma majani mawili na chipukizi kama kawaida, ila kilo zinazopimwa jioni kwenye kituo cha majani zinapungua wiki baada ya wiki. Kwa kuwa maumivu humwachia nafasi mchana, hujiambia kwamba ni uchovu wa kazi.

Ana sababu ya kufikiri hivyo. Maumivu ya mgongo, mabega na mikono ni ya kawaida mno kwa wachumaji, hata yalifikishwa mahakamani ng'ambo. Mwaka 2022 mahakama ya Scotland iliruhusu kesi ya pamoja ya wachumaji wa kampuni ya James Finlay (Kenya) waliodai kuumizwa na kazi, na mwaka 2023 majaji wa rufaa wakaisimamisha ili madai yapitie kwanza utaratibu wa Kenya chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Pale ambapo kila mtu anaumwa, ni vigumu kumtambua mmoja ambaye maumivu yake ni ya aina nyingine.

Mfuko nao husema. Kibarua hulipwa kwa kilo, na siku ya hospitali ni siku isiyo na kilo. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vya Wakala wa Maendeleo ya Chai Kenya, KTDA, kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapset au Tirgaga hupata malipo ya mwezi na kungojea bonasi, na gharama kubwa za matibabu huahirishwa hadi bonasi itoke. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 humhakikishia, baada ya miezi miwili kazini, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Siku hizo hutosha kwa malaria au jeraha. Ugonjwa unaohitaji kliniki mwezi baada ya mwezi huzimaliza upesi.

Kuchelewa kwa pili: duka la dawa na zahanati

Kituo cha kwanza cha wengi ni duka la dawa, ambako hupewa Brufen au diklofenaki. Dawa hizi hupunguza maumivu na uvimbe lakini hazizuii kuliwa kwa mfupa, na zikimezwa kwa miezi huumiza tumbo na figo. Zipo pia prednisoloni na sindano za steroidi. Nafuu yake huja upesi hata mgonjwa akadhani amepona. Wiki chache baadaye uvimbe hurudi, naye huenda kuchomwa nyingine. Akifika kwa daktari wakati sindano bado ina nguvu, mikono huonekana mizuri na vipimo vya damu hudanganya.

Katika zahanati, mtego mkubwa ni brusela. Wakulima wa chai wa Kericho na Bomet wengi hufuga ng'ombe wa maziwa, na brusela ni ugonjwa wa kweli unaoleta homa na maumivu ya viungo. Shida iko kwenye kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vingi. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo hicho huwapa watu wengi jibu la kuwa na brusela ilhali hawana. Dozi ya brusela kwa kawaida huchukua wiki 6, muda uleule ambao mgonjwa wa rumatoidi alipaswa kuwa amekwisha kuonwa na bingwa. Dozi ikirudiwa mara ya pili, miezi mitatu imekwenda.

Kosa jingine ni kuuachia uamuzi kipimo cha damu kiitwacho RF. Karibu wagonjwa 3 katika kila 10 wa rumatoidi hawana RF katika damu, hasa mwanzoni, na wapo watu wenye maambukizi mengine au wazee wenye afya njema walio nayo. Kipimo cha anti-CCP ni cha uhakika zaidi lakini ni ghali, na sampuli mara nyingi hutumwa maabara ya mbali. Nchini Uingereza mwongozo wa tiba husema wazi kwamba mgonjwa mwenye viungo vilivyovimba bila sababu inayojulikana apelekwe kwa bingwa hata kama damu haionyeshi kitu.

Uchunguzi wenye thamani kuliko vyote katika hatua hii hauhitaji mashine. Afisa wa kliniki humwuliza mgonjwa mikono hukakamaa kwa muda gani asubuhi. Kisha hushika kiganja chake kwa upande na kukibana taratibu, vifundo vinne vya chini ya vidole vikutane. Hufanya hivyo pia kwa unyayo, chini ya vidole vya miguu. Mwenye viungo vizima huhisi kubanwa tu, lakini mwenye uvimbe wa ndani hukunja uso au kuuvuta mkono. Viungo vitatu au zaidi vikiwa vimevimba, mbano ukiuma, na ukakamavu wa asubuhi ukizidi nusu saa, rufaa ya haraka inastahili kuandikwa siku hiyohiyo. Swali la asubuhi lina umuhimu wa pekee, kwa sababu mgonjwa aliyetembea na kupanga foleni huonwa karibu saa sita, mikono ikiwa imekwisha kulegea.

Kuchelewa kwa tatu: safari ya rufaa

Huduma za afya za Kenya zimepangwa kwa ngazi sita: jamii, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya kaunti ndogo, hospitali ya rufaa ya kaunti, na hospitali za kitaifa. Tangu mwaka 2013 ngazi tano za kwanza ziko chini ya serikali za kaunti. Kericho ina hospitali ya rufaa ya kaunti mjini, pamoja na Kapkatet na hospitali ya misheni ya Litein. Bomet ina hospitali ya rufaa ya Longisa, pamoja na Tenwek na Kaplong. Kampuni kubwa za chai kwa miaka mingi zimeendesha zahanati za wafanyakazi wao katika mashamba.

Mabingwa wa viungo ni wachache nchini na wengi wako Nairobi. Hospitali za kitaifa zinazotegemewa ni Kenyatta, na ile ya Moi mjini Eldoret, ambayo iko umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Kericho. Kutoka mji wa Bomet hadi Nairobi kupitia Narok ni kama kilomita 230. Kwa mwenye magoti yaliyovimba, safari hiyo katika matatu, pamoja na malazi na mtu wa kumsindikiza, ni gharama inayorudi kila anaporudi kliniki.

Barua yenyewe huweza kumpoteza. Ikiandikwa "maumivu ya viungo" tu, mgonjwa hupangiwa tarehe ya mbali kama mtu mwenye shida isiyo ya haraka, au hupelekwa kwa daktari wa mifupa, ambaye kazi yake ni mivunjiko na upasuaji. Barua yenye manufaa hutaja tarehe uvimbe ulipoanza, viungo vilivyovimba, muda wa kukakamaa asubuhi, na dawa zilizokwisha kutumika, steroidi zikiwemo.

Bima imebadilika pia. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kutanguliza mchango wa mwaka. Huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya zina hazina yake, lakini huduma za hospitali huhitaji mchango uliolipwa. Kibarua wa msimu aliyekosa kulipa huligundua pengo hilo siku anapoandikiwa rufaa.

Kuchelewa kwa nne: kuanza dawa na kudumu nayo

Dawa ya msingi ni methotrekseti. Iliidhinishwa kwa ugonjwa huu nchini Marekani mwaka 1988, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na salfasalazini na haidroksiklorokwini. Humezwa mara moja tu kwa wiki, siku ileile. Akiimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine, mgonjwa anaweza kufa, kwa hiyo siku iliyochaguliwa huandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti na kwenye kadi. Huambatana na asidi ya foliki ili kupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu.

Kabla ya kuanza hupimwa hesabu ya damu, ini, figo, na homa ya ini aina ya B na C, na kifua hupigwa picha. Vipimo vya damu hurudiwa mara kwa mara. Karibu vyote hufanyika katika hospitali ya kaunti. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hapewi methotrekseti, kwa kuwa huharibu mtoto tumboni. Kwake salfasalazini au haidroksiklorokwini hufaa zaidi. Pombe huzidisha madhara ya ini, na mgonjwa aelezwe hilo bila kuhukumiwa.

Methotrekseti huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu yake. Wengi huiacha hapa: wamemeza mwezi mzima, mikono bado inauma, wanarudi kwenye sindano. Kwa hiyo prednisoloni kidogo hutolewa kwa wiki chache kama daraja, kisha hupunguzwa hadi kuachwa. Wagonjwa wapya huangaliwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, viungo vilivyovimba vikihesabiwa na dozi ikipandishwa mpaka ugonjwa utulie. Dawa za kisasa za sindano, kama etanasepti na adalimumabu, hutumika zile za kwanza zikishindwa. Ni ghali sana, na hazitolewi kabla ya kuhakikisha kwamba mgonjwa hana kifua kikuu kilichojificha.

Jinsi ya kufupisha njia

Kenya imekwisha kujaribu njia moja iliyo karibu na hitaji hili. Katika muongo wa 2010, mradi wa Uwezo, ulioungwa mkono na shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa viungo, uliandaa wakufunzi wa Kenya wakisaidiana na wenzao wa Uingereza na Uswidi, ili wahudumu wa afya wa kawaida wajue kuchunguza viungo na kutambua anayehitaji rufaa ya haraka. Wagonjwa wenyewe walishiriki katika ufundishaji. Funzo hilo linafaa kurudiwa Kericho na Bomet kila wahudumu wapya wanapoajiriwa, kwa kuwa aliyebanwa kiganja chake akaeleza anavyohisi hufundisha kuliko kitabu.

Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa na serikali mwaka 2023, hupita nyumbani kwa watu. Wakiongezewa maswali mawili tu, kama mikono huvimba na kama hukakamaa asubuhi kupita nusu saa, wangewakuta wagonjwa kabla ya sindano ya tatu. Zahanati za mashamba ya chai zina nafasi nyingine adimu: huwaona wafanyakazi walewale mwaka mzima, na mchumaji ambaye kilo zake zimeshuka kwa wiki kadhaa anastahili kuchunguzwa mikono kabla ya kuulizwa bidii yake.

Hatua kubwa zaidi ni ya Longisa, Kapkatet, Kericho, Litein, Kaplong na Tenwek, ambayo pia hufundisha madaktari wa tiba ya familia. Daktari wa hospitali hizo anaweza kuanzisha methotrekseti akishauriana na bingwa kwa simu, huku mgonjwa akingojea tarehe yake ya Nairobi au Eldoret. Kinachohitajika ni dawa isiyokatika katika stoo, maabara inayofanya vipimo vya ini na damu, siku moja ya kliniki ya viungo kwa wiki, na mwongozo wa ukurasa mmoja.

Kaunti nazo ziupime muda. Faili ya kila mgonjwa iandikwe tarehe tatu: ya uvimbe wa kwanza, ya kuonwa mara ya kwanza na mhudumu wa afya, na ya tembe ya kwanza ya kuzuia ugonjwa. Pengo likiwa kati ya tarehe ya kwanza na ya pili, kazi iko vijijini na mashambani. Likiwa kati ya ya pili na ya tatu, kazi iko hospitalini na katika bajeti ya dawa. Miezi mitatu ndiyo kipimo, na mchumaji chai wa Konoin huko Bomet au Bureti huko Kericho ana haki nayo sawa na mgonjwa wa Leiden.